Player's Handbook ya 2024: mpiganaji unapewa, mtu utamtafuta mwenyewe

Niseme mapema, mwenye haraka asije akanisoma mpaka mwisho bure: kitabu hiki cha kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ni kizuri. Kimepangwa kuliko vyote vilivyokitangulia, picha zake zinavutia, na mtu anayeanza kucheza Dungeons & Dragons leo sioni kwa nini ahangaike na toleo la 2014. Ila kuna kitu kimoja wamekipunguza, nacho ndicho kinachotufanya sisi watu wazima, wenye zamu za kazi na kodi za nyumba, tukae mezani mpaka saa saba za usiku tukibishana juu ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Sasa nieleze.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi St. Paul, Minnesota. Baridi ya huku inajulikana, na mtu asipojitafutia jambo la kufanya ndani ya nyumba ataongea na kuta. Meza yetu ni ile ya chumba changu cha kulia, na mwendesha mchezo ni mimi. Kitabu ni cha Kiingereza, mezani tunazungumza Kiswahili cha Tanga, cha Machakos na cha Uvira, vyote vikipishana, na hakuna anayemsahihisha mwenzake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila mchezaji ana mhusika mmoja, kaandikwa kwenye karatasi. Ana sifa sita, yaani Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Ana silaha, ana uchawi kama ni wa kupewa uchawi, na uhai wake unahesabiwa kwa namba. Mwendeshaji anaeleza mahali mlipo na kuwachezesha wengine wote waliobaki duniani: muuza duka, jambazi, mfalme, joka. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini, na penye mashaka inarushwa dadu ya pande 20. Hakuna bingwa anayepatikana mwisho wa usiku. Mnaendelea wiki ijayo pale mlipoishia.

Hilo la kuwa na mtu mmoja wako, halafu ukaendelea naye, lilianzia mtaani kwetu huku, na nalisema kwa majivuno ya mhamiaji aliyekuta historia karibu na nyumba yake. Mwaka 1969 David Wesely, wa hapa hapa Minneapolis na St. Paul, aliandaa mchezo wa vita kama ile waliyoizoea wenzake, ya vikosi na majeshi madogo mezani. Safari hii akampa kila mmoja mtu wake ndani ya mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, na kila mtu ana haja zake. Watu wakaacha vita wakaanza kupangiana njama. Wesely alidhani mambo yamemharibikia. Wachezaji wakataka tena. Dave Arneson, aliyekuwa katika kundi hilo, akaanzisha Blackmoor mwaka 1971, na humo mhusika akawa haishi usiku mmoja tu: anarudi, anapata uzoefu, anakomaa. Arneson akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la jirani la Wisconsin, na mwaka 1974 kampuni ya TSR ikatoa nakala 1,000 za kwanza za Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Katika vijitabu vile mhusika hukumchagua. Dadu 3 zinarushwa kwa kila sifa, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na kinachotoka ndicho ulichopangiwa. Ulitaka mchawi ukapata Akili 7? Basi, shika upanga. Na walikuwa wanakufa upesi. Wakongwe wa huku wanakuambia kwa kucheka kwamba hawakuwapa majina mpaka wavuke levo ya pili, yaani ngazi ya pili ya kukomaa. Ndiyo namna ya kwanza ya mtu kuhusiana na mhusika wake: usimzoee sana.

Toleo hili la 2024 limekaa ncha ya pili kabisa. Kurasa 384, jalada gumu, bei yake iliyotangazwa dola 49.99. Ndani kuna fani 12, yaani kazi ya mhusika kama mpiganaji, mchawi au kasisi, kila moja na matawi manne, kwa hiyo 48, jamii 10 za viumbe na usuli 16, yaani maisha ya mhusika kabla ya hadithi kuanza: mkulima, baharia, mwandishi, askari, mfanyabiashara, mtawa wa upweke na kadhalika. Mwisho wa kitabu kuna faharasa ya kanuni, na hiyo peke yake imeniokoa mara nyingi watu wakinikodolea macho wakisubiri jibu. Nikisifu nasifu hapo. Zamani ningepekua sura tatu kujua mtu aliyenaswa na wavu anarusha dadu vipi.

Tatizo langu liko kwenye huo usuli.

Katika toleo la 2014, kila usuli ulikuja na majedwali manne madogo: tabia, anachokiamini, kinachomfunga na mtu au mahali, na kasoro yake. Unarusha dadu ya pande 8 kwa tabia na ya pande 6 kwa yaliyobaki, au unachagua mwenyewe. Yalikuwa mambo ya sentensi moja moja, mengine ya kitoto. Lakini mtu aliyekaa mezani kwangu hajui lolote alitoka pale ana mtu mwenye deni, mwenye chuki na mwenye mahali pa kurudi. Dakika tano tu.

Toleo jipya limeyaondoa. Lina vijijedwali vya maneno ya tabia kufuatana na sifa na msimamo wa mhusika juu ya wema na ubaya, kwamba mwenye Nguvu nyingi awe hivi, mwenye Mvuto mdogo awe vile. Haviumi wala havilishi. Usuli sasa unakupa vitu vya kuhesabika: sifa tatu za kuongezea, kipaji kimoja cha kuanzia, stadi mbili, kifaa, na uchague vitu au vipande 50 vya dhahabu. Nielewavyo mimi, mtu akishaupa usuli namba, wachezaji watauchagua kwa namba. Na ndivyo ilivyokuwa. Mkulima anaongezewa Nguvu, Ustahimilivu au Busara. Akili hamna. Sasa ukitaka mchawi wa vitabu aliyekulia shambani, mtoto wa jembe aliyejifunza kusoma kwa taabu, kitabu hakikukatazi ila kinakutoza. Matokeo yake kila mchawi anayekuja kwangu alikuwa msomi. Wote. Nimechoka na maktaba.

Mwendeshaji anaweza kutunga usuli wake mwenyewe, najua, nami nafanya hivyo. Lakini mimi nafanya tathmini ya kitabu cha mchezaji, siyo ya subira yangu.

Jingine ni ile zawadi inayoitwa Inspiration. Mwaka 2014 mwendeshaji alimpa mchezaji kwa kumcheza mhusika kama alivyo hata pale panapomgharimu: mwoga akikimbia, mlafi akichelewesha safari kwa ajili ya chakula. Sasa ni Heroic Inspiration, inakuruhusu kurudia dadu yoyote uliyotoka kuirusha. Binadamu anaipata bure kila akiamka baada ya mapumziko marefu. Mwendeshaji bado anaweza kuigawa, lakini imeshakuwa akiba ya kawaida kama mishale. Kama kanuni ya mapigano ni bora kuliko ile ya zamani, maana ile tulikuwa tunaisahau. Kama kichocheo cha kumfanya mtu aishi ndani ya mhusika wake, imekufa.

Labda niwaonyeshe mezani kwangu pakoje ndipo mnielewe ninapolalamikia.

Shemeji anaendesha folklifti ghalani. Mhusika wake ni Goliath, lijitu la milimani, fani mpiganaji, na kwa miezi alikuwa hana jina. Kwenye karatasi pale juu paliandikwa "mpiganaji". Ukimuuliza anafanya nini, "Anapiga." Anahisije kuhusu kijiji kilichochomwa? "Anapiga waliochoma." Kwake yule ni chombo, na anakijua vizuri: anajua silaha ipi inamwangusha adui na ipi inamsukuma nyuma, mambo ambayo toleo hili limewaongezea wapiganaji, na ameyafurahia kweli. Wapo wanaodharau uchezaji wa namna hii. Mimi simo. Shemeji anakuja kwa wakati, kasoma kanuni zake, na hagombani na mtu.

Omari ana miaka 19. Kila mhusika wake ni yeye Omari, mwenye upanga na misuli. Wa sasa anaitwa Iramo, lisome kinyume. Hasemi "Iramo anaingia dukani", anasema "naingia dukani", na nikimchezesha muuza duka mwenye kiburi, Omari mwenyewe ananuna. "Dada, mbona ananidharau?" Namwambia hakudharau wewe, anamdharau mgeni mwenye viatu vya tope. Hakubali. Lakini ni Omari huyo huyo aliyejifunza kwa Iramo kusema hapana mbele za watu, na mamake kaniambia.

Mama Neema anaimba kwaya. Mhusika wake ni kasisi, na hataki adanganye hata kwa jambazi. Tumekwama langoni kwa mlinzi jioni nzima kwa sababu alikataa kusema sisi ni wafanyabiashara. Huko kanisani waliwahi kumuuliza kama mchezo huu si wa kishetani, swali ambalo Marekani ililipigia kelele sana miaka ya 1980, mpaka mwaka 1983 kukaundwa chama cha kuupinga. Akawajibu: "Mlivyonipa Herode kwenye igizo la Krismasi, mlinifukuza?" Wakanyamaza. Mmoja wao siku hizi anauliza kama kuna nafasi.

Zawadi ndiye ninayetaka kumzungumzia. Katoka Uvira, kapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yuko huku na wanawe. Mhusika wake ni halfling, jamii ya watu wafupi, mwizi wa mifukoni, jina lake Tika. Siku ya kumtengeneza nilimuuliza kama wazazi wa Tika wapo, nikitegemea jibu ninalopewa na kila mchezaji: wamekufa. Wachezaji wanapenda yatima. Yatima hana wa kumtumia salamu, hana wa kutekwa na mwendeshaji mwenye hila, hadaiwi na mtu. Zawadi akanitazama. "Mama yake iko hai. Anauza samaki. Mtumbwi wake wameuchukua kwa deni." Kisha akaandika kiasi cha deni pembeni ya karatasi, mahali kitabu hakikuacha nafasi.

Hakuna jedwali lililompa hayo. Kwenye toleo la 2014 angalau pangekuwa na mahali pa kuyaandika na swali la kumchokoza asiye na mambo kama ya Zawadi moyoni.

Miezi ikapita. Tukafika levo ya tano, na Tika alikuwa ameshaiba almasi moja, thamani yake vipande 300 vya dhahabu, ya kukomboa mtumbwi. Katika handaki moja shemeji alibaki nyuma kuzuia mlango. Uhai ukaisha. Kanuni inasema hivi: mhusika aliyefika sifuri hajafa, ameanguka, na kila zamu yake inarushwa dadu ya pande 20. Kumi na kuendelea, amefaulu. Chini ya hapo, ameshindwa. Akifaulu mara tatu anatulia, akishindwa mara tatu anakwenda. Ikitoka 1, inahesabiwa kushindwa mara mbili. Shemeji akarusha 14. Akarusha 6. Mtu ambaye huwa anakula karanga muda wote alikuwa ameweka bakuli chini. Akarusha tena, dadu ikagonga kikombe cha chai, ikasimama kwenye 1.

Hakusema kitu. Alisimama akaenda jikoni, tukasikia bomba la maji.

Sasa, kasisi wa levo ya tano ana uwezo wa kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, ila inaliwa almasi ya vipande 300, isirudi. Wote tulijua almasi iko kwa nani. Mimi nikakaa kimya, maana mwendeshaji akisema neno pale kaharibu. Zawadi alishika karatasi yake kwa muda, akafuta almasi kwa kifutio, taratibu, akapuliza vumbi. "Mwambieni shemeji arudi."

Shemeji karudi, mikono imelowa. Mama Neema akamwambia hawezi kuita roho isiyo na jina. Hiyo haimo kitabuni, kaitunga pale pale, na sikumzuia. "Huyu mtu wako anaitwa nani?"

"Kibwana," akasema. Halafu: "Lakini msinizoee."

Tangu hapo Kibwana ana deni la mtumbwi, na shemeji ndiye anayelikumbusha kila tukifika mji wenye soko. Bado anapiga. Ila sasa akiulizwa kwa nini, anajibu sentensi nzima.

Nimelitaja hilo kwa sababu kitabu kinastahili sifa yake pia: kanuni ya kufa imeandikwa wazi, ina wasiwasi wa kutosha, na gharama ya kumrudisha mtu imewekwa kwenye kitu kinachoweza kuwa na thamani nyingine hadithini. Hizo ni kazi nzuri za waandishi. Lakini almasi ile isingekuwa na uzito wowote kama Tika angekuwa yatima wa kawaida mwenye Wepesi 17. Sehemu ya mhusika iliyotubeba usiku ule haimo katika hatua za kutengeneza mhusika kama toleo hili linavyozifundisha.

Niwe mkweli kuhusu majedwali ya zamani nayo. Yalikuwa na sumu yake. Kasoro kadhaa za usuli wa mhalifu ziliandikwa kana kwamba mtu kapewa kibali: akiona cha thamani hawezi kujizuia kuiba. Tuliwahi kuwa na mchezaji aliyewaibia wenzake kila wiki, akiulizwa anasema "ndivyo alivyo mhusika wangu". Mhusika akawa mwavuli wa utovu wa adabu. Tulimwambia kwa upole kwamba aliyemtunga mhusika ni yeye, na anaweza kumtunga vingine. Hakupenda, akaacha kuja. Huenda waandishi wa toleo jipya walikuwa wamechoshwa na watu wa aina hiyo, ndipo wakafyeka. Ila wangepogoa tu. Wamekata mpaka shina.

Mengine kwa ufupi. Picha ni nyingi, na watu ndani yake ni wa rangi zote na miili yote, bila kufanywa jambo la ajabu. Omari alimwona mpiganaji mwenye nywele kama zake akaipiga picha. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha 2014, jambo la maana kwa meza kama yetu. Jedwali la vikorokoro, vitu vidogo visivyo na faida ya namba unavyoanza navyo mfukoni, lipo bado, na nawashauri mlitumie kila mara, maana ndiyo sehemu pekee ya kutengeneza mhusika inayokupa kitu kisichohesabika. Kikorokoro huzaa swali, na swali huzaa mtu. Uzito wa kitabu: usikibebe kwenye mkoba pamoja na chakula cha zamu.

Nani anunue? Mwendeshaji, ndiyo. Meza yenye watu kama shemeji, ndiyo, watakifurahia kuliko sisi. Mchezaji wa kawaida asitoe dola 50 kabla ya kujaribu, kwa sababu kanuni za msingi zinapatikana bure: ile hati iitwayo SRD 5.2 ilitolewa mwaka 2025 kwa leseni ya Creative Commons, unaipakua, unaichapisha, na leseni yake inaruhusu hata kuitafsiri na kuisambaza mradi utaje ilikotoka. Ina fani zote 12, tawi moja kwa kila fani. Usuli ni nne tu, kwa hiyo mtatunga wenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ni heri. Mkisikia kuna anayeitafsiri kwa Kiswahili niambieni, nina daftari zima la maneno tuliyokwisha kuyazoea mezani.

Na mkimpata mtu anayeuza nakala ya 2014 kwa bei ya kutupa, ichukueni kwa ajili ya sura ya usuli peke yake. Mimi nimeitoa kopi sura hiyo, nimeibana ndani ya kitabu kipya kwa klipu, na mchezaji mgeni akija namfungulia hapo kwanza. Maswali yangu kwake ni matatu: unadaiwa na nani, nani atashtuka usiporudi, na umeficha nini mfukoni. Sifa na silaha tunajaza baadaye, chai ikiwa tayari.